Mchoro wa kwanza ni wa kuchafuliwa

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba umepata ploti, ameshakutumia ramani ya nyumba kwa WhatsApp kabla hujamaliza kusema iko wapi. Ushauri nao huja bila kuombwa, na mwingi hupotosha.

Dhana: Msanifu wa majengo akileta mistari ya penseli, anakuchezea.

Ukweli: Penseli ni ya makusudi. Picha ya kompyuta inayong'aa, yenye gari na maua mlangoni, hukutia haya kuikosoa. Mimi nililetewa karatasi tatu. Ile ya pili niliyoikataa ndiyo iliyotufumbua macho: mke wangu hataki mgeni aone sufuria zake akiwa bado mlangoni. Hilo hatukuwa tumelisema popote.

Dhana: Ukishasema "vyumba vitatu, kimoja kiwe na choo ndani", umemaliza.

Ukweli: Idadi ya vyumba ni habari ndogo. Mweleze msanifu mnavyoishi. Maji ni ya mgao, basi tangi litakaa wapi? Nguo zitaanikwa wapi Julai, jua likijificha wiki nzima? Mama akija kutoka ushago na magoti hayapandi ngazi, atalala wapi?

Kisha pima. Kwenye mchoro wa 1:100, sentimita moja ni mita moja. Kata kikaratasi cha sentimita 1.5 kwa 1.8, hicho ni kitanda cha futi 5 kwa 6. Kiweke kwenye chumba cha mita 3 kwa 3, kichwa ukutani, na ukuta wa mbele uwe na kabati lenye kina cha sentimita 60. Kati ya kitanda na kabati hubaki kama sentimita 60 tu. Hapo ndipo watu hunyamaza, kisha wanaomba kifutio.

Dhana: Ramani nzuri ya mtandaoni yafaa ploti yoyote.

Ukweli: Nyingi zilichorwa kwa jua la kwingine. Ulaya jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Nairobi, digrii moja na ushee kusini mwa ikweta, jua la Juni hupitia kaskazini na la Desemba kusini. Ndiyo maana kuta ndefu na madirisha makubwa hufaa kutazama pande hizo mbili. Sebule ya kioo inayotazama magharibi huwa tanuri ifikapo saa kumi jioni.

Halafu kuna udongo. Ule mweusi wa pande za Embakasi na South C huvimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, na msingi wake hula pesa. Uliza hilo kabla ya kuota ghorofa.

Dhana: Fundi wangu atachora.

Ukweli: Fundi ni hazina, lakini michoro ya kuombea kibali cha kaunti yataka msanifu aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya Kenya inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Jina lake litafute huko kabla ya kutoa hata shilingi.

Dhana: Tutabadilisha tukishaanza kujenga.

Ukweli: Choo kwenye karatasi husogezwa kwa kifutio. Slabu ikishamwagwa, husogezwa kwa nyundo, mabomba mapya, na pengine kurudisha michoro kaunti. Ila marekebisho ya karatasini nayo yana kikomo, kwa hiyo idadi iandikwe kwenye mkataba. Sisi tulikubaliana matatu. Mawili yaliishia kwenye ngazi.