Karanga zinanyauka na mvua ipo? Angalia mboji yako imeiva

Kila msimu hapa Kongwa simu ni ileile, bwana shamba karanga zangu zinanyauka mojamoja na maji yapo. Namwambia ng'oa shina moja uangalie pale linapogusana na udongo, ukikuta nyuzi nyeupe kama pamba na vipunje vya kahawia kama ulezi, huyo ni fangasi anaitwa Sklerotiumu. Vile vipunje vinakaa ardhini miaka, na ukibadilisha ukaweka nyanya au maharage anakula pia, bora upande mtama au mahindi.

Mboji haimuui kama dawa ya dukani. Inachofanya inajaza udongo na bakteria na fangasi wazuri, mfano Trikoderma, wanaomnyang'anya chakula na wengine wanamla kabisa mpaka vile vipunje vinaoza.

Ila jamani iwe imeiva!! Hapa ndo watu wengi wanaumia, mtu anachukua samadi mbichi na mabua hayajaoza anamwaga shambani, kumbe kamwandalia fangasi mezani, anajishibisha pale kwanza halafu anahamia kwenye shina. Lundo la mboji linatakiwa lichemke katikati nyuzi joto 55 mpaka 65 za Selsiasi, ndo joto linaloua vimelea, na uligeuze ili ya nje nayo iingie ndani, mimi nageuza kila wiki mbili na sitoi kabla ya miezi mitatu. Ikiwa tayari inanukia kama udongo wa msituni, ukiwa na wasiwasi otesha mchicha kwenye kopo la hiyo mboji, ukigoma kuota irudishe kwenye lundo.

Faida nyingine ni udongo kulainika. Karanga ikishatoa ua inashusha kijiti kinachopenya ardhini, na udongo wetu ukikauka unakuwa kama saruji, Waingereza walikuja hapa na matrekta 1947 kwa mradi mkubwa wa karanga na kufika 1951 wamefunga, ugumu wa ardhi ukiwa sababu mojawapo. Kwa maganda matupu ongeza jasi (gypsum, ina kalsiamu) wakati wa maua, maana ganda linafyonza kalsiamu lenyewe pale lilipo.

Majani yakidumaa na kuwa ya njano hao ni vidukari wameleta virusi, mboji haitibu hiyo. Na ukipalilia usirundike udongo kwenye shina, unamfikishia fangasi mlangoni.