Geti la Kanisa Halimpokei Mtoto

Kila kichanga anapookotwa mtaroni Nyalenda au kwenye miwa kule Muhoroni, simu yangu hujaa swali lile lile: "Kwani si angemwacha tu kwa geti la kanisa? Marekani mtu anamwacha mtoto na haulizwi kitu." Wanaouliza ni watu wema, na ndiyo sababu nakereka. Mimi ni afisa wa ustawi wa jamii hospitalini hapa Kisumu, na leo najibu mara moja, kwa wote.

Marekani kwanza, tuimalize. Sheria za kumkabidhi mtoto bila kushtakiwa zilianza Texas mwaka 1999, na sasa kila jimbo lina yake, yenye umri wa mtoto na mahali maalumu pa kumkabidhi. Mama akifuata masharti hayo, hashtakiwi. Kenya hatuna kifungu cha namna hiyo. Sheria ya Watoto ya 2022 haikukiweka, na kifungu cha 239 cha Kanuni ya Adhabu kinamngoja mzazi anayemtelekeza mtoto. Geti la kanisa halimwondolei mama kosa hilo. Na saa tisa usiku baridi ni ile ile ya mtaroni, na siafu hawaulizi ibada ni saa ngapi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba njia ipo, ila hakuna anayeisambaza kwenye magrupu. Mama anaweza kuja kabla ya kujifungua au baadaye, akamwambia nesi, au mimi, au afisa wa watoto wa kaunti ndogo: huyu sitaweza kumlea. Anasikilizwa. Hajamtupa mtu, maana mtoto yuko mikononi mwa watu. Wengine, wakishasikilizwa, hubadili nia. Wengine hawabadili, na hilo nalo si dhambi ya kuwapigia kelele wodini.

Tofauti ya njia hizo mbili iko kwenye faili. Mtoto wa getini huanza na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Siku yake ya kuzaliwa tunaikadiria kwa kuangalia kitovu. Jina atapewa na nesi wa zamu, ndiyo maana tuna akina Baraka wengi hivi. Ya mama yake hatujui lolote: alihudhuria kliniki? Alikuwa anatumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI? Tukimpima mtoto damu, kipimo cha haraka kinatuonyesha kingamwili alizorithi kwa mama tu, hakisemi kama mtoto mwenyewe ameambukizwa. Ikionekana mama ana virusi tunaanza dawa za kumkinga mtoto na kutuma sampuli ya PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, lakini dawa hizo zilitakiwa kuanza mapema, ndani ya saa 72 za kwanza ikiwezekana, na hatujui saa ngapi zimekwisha kupita. Kisha mahakama inampeleka kwenye makao ya watoto, na polisi wanatafuta ndugu. Barua yao ya mwisho, ya kusema hakuna aliyejitokeza, hutoka baada ya miezi 6. Miezi 6 mtoto analelewa na watu wa kupokezana zamu.

Mtoto ambaye mama yake alisema ana kijitabu cha kliniki na tarehe ya kweli. Hawezi kuingizwa kwenye mpango wa kuasiliwa kabla ya wiki 6, na mama hupewa nafasi ya kufikiri tena, lakini hakuna anayemsubiri ndugu asiyejulikana. Siku moja akiuliza alikotoka, kuna karatasi ya kumjibu.

Sasa niseme yale ambayo mabango hayasemi. Siwezi kumwahidi mama yeyote kwamba hataguswa. Kifungu kinamlenga anayetelekeza kwa makusudi na bila sababu ya haki, na sababu ya haki hutegemea sana ni nani yuko kwenye dawati la polisi siku hiyo. Siri pia siwezi kuiahidi yote. Sera yetu inataka tutafute jamaa kwanza, shangazi au nyanya, kabla ya makao. Kwa mtoto ni jambo jema. Kwa binti aliyeficha mimba hadi mwisho, nyanya wa Siaya kupigiwa simu ndilo jinamizi lenyewe alilokuwa analikimbia. Sijui namna ya kuvipatanisha hivi viwili, na warsha nilizohudhuria hupita hapo haraka haraka.

Akiwa hajafika miaka 18 ni kazi zaidi. Hapo nina watoto wawili mbele yangu, na kuna mwanamume anayepaswa kutafutwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mara nyingi familia imeshakaa naye kikao, ng'ombe wameshatajwa. Wanajua binti akifungua mdomo hospitalini faili la pili litafunguka, kwa hiyo wanamzuia asije kabisa.

Na wale wa "kuna mama tajiri Milimani anataka mtoto, tuandike afidaviti tu kwa wakili": hapana. Afidaviti haihamishi mtoto. Pesa zikipita mkono kwa mkono, tunazungumzia ulanguzi wa watu.

Kuna mchungaji ameniandikia akitaka kujenga kisanduku ukutani cha kuachia vichanga, chenye kengele, kama vya Ujerumani. Simcheki. Ila Nebraska mwaka 2008 walitunga sheria bila kutaja umri, wazazi wakaleta hadi vijana wa sekondari, na ikabidi irekebishwe mwaka huo huo iwe siku 30. Yaani ukifungua mlango, anayekuja si lazima yule uliyemtarajia. Msichana aliyejifungulia chooni peke yake, anavuja damu, hapandi bodaboda kutafuta kisanduku. Labda mmoja angepanda. Hilo "labda" ndilo linanizuia kumwambia mchungaji aache. Nilimwomba kitu kingine: ofisi za watoto hufungwa jioni, na uchungu huja usiku. Washirika wake wajue 116, nambari ya simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana, na ajitolee mtu mmoja mwenye gari ambaye akipigiwa saa nane ataamka, amlete mama na mtoto wote wawili, bila kuhubiri njiani.