Jengo la malikale ni lipi? Mwanza na mwaka 1863

Ukimwuliza mtu wa Mwanza kuhusu Nyumba ya Gunzert, ile ya Wajerumani juu ya mlima wa Robert Koch, huenda akakwambia ni jengo la kale, kwa hiyo bila shaka Serikali inalilinda. Hiyo "kwa hiyo" ndiyo yenye tatizo. Jengo linaweza kuwa kongwe, likapigwa picha na kila mgeni, na bado lisiwe malikale, yaani kitu cha kale kinacholindwa, mbele ya sheria.

Kinachoamua ni tarehe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja jengo lolote lililojengwa Tanganyika kabla ya mwaka 1863. Halihitaji kuombewa. Lililojengwa mwaka huo au baadaye lina njia moja tu chini ya sheria hii: waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali. Kabla ya tangazo, sifa zake zote za kihistoria ni maneno ya watu tu.

Sasa tazama Mwanza yenyewe. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika na kuliona Ziwa Victoria mwaka 1858, lakini Wajerumani walifungua kituo chao hapa miaka ya 1890. Theodor Gunzert, ambaye nyumba ile ina jina lake, alikuwa mkuu wa wilaya kuanzia 1907. Reli kutoka Tabora ilifika 1928. Maboma, maduka ya Wahindi, maghala ya pamba: vyote vimekuja baada ya 1863, na vyote vinahitaji tangazo ili vilindwe.

Je, kabla ya hapo palikuwa patupu? Hata kidogo. Wasukuma na majirani zao walikuwapo na walijenga, ila walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Msonge huezekwa upya kila nyasi zikichoka, na ukizeeka sana hujengwa mwingine. Ndiyo maana anayetaka kuona nyumba za jadi za Kisukuma huenda Makumbusho ya Bujora, kule Kisesa, ambako zimejengwa ili watu wazione. Kwa maoni yangu, hapa sheria imewapunja watu wa ziwa. Kipimo cha mwaka kinawafaa waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama Kilwa na Kaole huko pwani. Aliyejenga kwa nyasi hana cha kuonyesha, hata kama ukoo wake umekaa pale pale kwa karne kadhaa.

Jengo likishatangazwa, mwenyewe haporwi, ingawa wengi huogopa hivyo. Linabaki lake. Anachopoteza ni uhuru wa kubomoa, kuongeza au kubadilisha bila kibali. Hata ukarabati una masharti yake, na hapo ndipo mafundi wetu wa mtaani, wazuri kabisa kwa nyumba mpya, huharibu bila kujua. Ukuta wa zamani uliounganishwa kwa udongo au chokaa hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa jua likiwaka. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Baada ya misimu michache plasta inavimba na kubanduka, huku tofali la ndani likimomonyoka. Kuhifadhi maana yake ni kurudisha chokaa palipokuwa na chokaa, hata kama saruji ipo dukani hapo jirani na fundi wa chokaa hapatikani kwa urahisi.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hawakijui. Sheria hiyo hiyo inavitaja miongoni mwa vitu vinavyolindwa milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya 1940. Hapa tarehe ni nyingine kabisa. Kwa hiyo duka la mwaka 1930 katikati ya mji, kama halijatangazwa, laweza kubomolewa lote bila kuivunja sheria hii, lakini mlango wake wa nakshi una ulinzi.