Kuandikishana majani si kuuza shamba

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Nyangao, mkoani Lindi, karatasi ameifunga kwenye pindo la khanga. Akalifungua fundo polepole, akaikunjua mezani kwangu, akasema: "Mwanangu, nichanie hii. Wananiambia nimeshauza shamba."

Karatasi yenyewe niliiandika mimi, mwezi wa nne. Inasema mfugaji fulani wa ng'ombe wa maziwa atakata majani chini ya mikorosho ya bibi kwa msimu mmoja, ataacha shamba safi, na atamletea samadi. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kuuza. Ila jirani alimwambia kwamba ukishaweka dole gumba, shamba limekwenda. Bibi hakulala siku mbili.

Mwaka huu huyu ni wa nne kuja na hofu hiyo hiyo, na nimechoka kuieleza kwa mtu mmoja mmoja. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na nyumbani nina ng'ombe wawili wa maziwa, kwa hiyo makubaliano haya nayajua kwa pande zote mbili. Mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano, majani yamefika kiunoni. Mwenye mikorosho anataka chini pawe peupe kabla korosho hazijaanza kudondoka, na anauogopa moto wa kiangazi. Mfugaji anataka hei, yaani majani makavu ya akiba, ya miezi ya Septemba hadi Novemba, wakati porini hakuna kitu. Wanakutana njiani, wanakubaliana kwa mdomo, wanaagana. Ugomvi huja baadaye, na maneno yanayouleta nayajibu hapa moja moja.

"Ukiandikishana naye, umempa shamba."

Hofu hii ina mzizi na siidharau. Huku kwetu aliyepanda mkorosho au mnazi ana la kusema juu ya pale alipopanda, na wapo wazee waliomkaribisha mgeni alime mihogo, wakaja kukuta mikorosho ya mgeni imeshazaa. Lakini watu wamekosea dawa. Wanakimbia karatasi, na karatasi ndiyo inayowalinda.

Sheria ya ukomo inatoa miaka 12 kudai ardhi iliyochukuliwa. Anayetegemea kukaa muda mrefu ili ajiite mwenyewe lazima awe amekaa bila ruhusa yako. Aliyeingia kwa ruhusa ni mkaribishwa, na mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mkaribishwa hawezi kumtoa mwenyeji wake, hata akikaa miaka mingi kiasi gani. Sasa niambie: ruhusa hiyo utaithibitisha kwa kitu gani, miaka 15 ikishapita na mashahidi wako wawili wameshazikwa? Kwa ile karatasi unayotaka niichane.

Na kuuza kwenyewe si kwepesi hivyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kuhamisha umiliki wa shamba la kimila kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Karatasi ya majani haiwezi kugeuka usiku ikawa hati ya mauzo. Majani mliyokubaliana yakatwe, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inayahesabu kuwa bidhaa, sawa na gunia la mbaazi. Anayenunua mbaazi zako hajanunua shamba ulilozilima.

Niliwahi kukaa kwenye kesi ya ndugu wawili ambao mama yao alikuwa akimruhusu mfugaji akate majani kila mwaka, kwa mdomo. Mama akafariki. Wanawe wakadai kodi ya miaka sita. Mfugaji naye, kwa hasira, akadai kipande cha pembeni aliuziwa na marehemu, na ushahidi wake ni mabingobingo, majani marefu ya kulishia ng'ombe, aliyoyapanda mpakani. Mama alijua yote, lakini mama hayupo. Baraza la ardhi la kijiji lilikaa mara tatu, wajumbe saba, wanawake watatu kati yao kama sheria inavyotaka kwa uchache, na kazi yao ni kusuluhisha tu, hawamlazimishi mtu. Ukurasa mmoja wa daftari ungemaliza yote hayo asubuhi moja.

Kwa hiyo andikeni, na muandike hivi. Jina la mwenye shamba na la mkataji. Shamba liko wapi na limepakana na nani. Kinachotolewa ni majani tu, "si ardhi wala miti". Mwezi wa kuanza na mwezi wa kumaliza. Malipo ni nini: fedha, maziwa, samadi au kazi ya kufyeka. Halafu sentensi ninayoing'ang'ania kuliko zote: "Mkataji hatapanda zao la kudumu wala kujenga kibanda." Mabingobingo ni zao la kudumu, msidanganyane. Nakala tatu, moja abaki nayo mtendaji wa kijiji, kisha kila mmoja apige picha ya karatasi kwa simu. Daftari la shule linatosha. Anayewaambia kwamba bila mhuri wa wakili si mkataba anawapotosha; dole gumba mbele ya mashahidi linatosha kwa jambo la ukubwa huu.

"Tulisemezana tu, kwa hiyo hatuna mkataba."

Mnao. Watu wazima walioridhiana kwa hiari, kwa malipo halali na jambo halali, wana mkataba, hasa malipo yakishapokelewa au majani yakishaanza kukatwa. Usimwuzie mwingine majani yale yale kwa sababu ameongeza elfu tano. Tatizo la mdomo ni kuthibitisha, na hapo ndipo watu wanapoumia.

"Majani ni ya Mungu, hayana mwenyewe."

Hili nalisikia kwa wafugaji wenzangu, na linaniudhi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, kweli. Lakini mwenye haki ya kimila ana haki na kinachoota humo, na haki hiyo ina hadhi sawa na ya mwenye hati ya mjini. Omba kwanza. Na muombe mwenye shamba hasa. Kwetu Wamwera, Wamakonde na Wayao, mashamba mengi yamekuja kwa upande wa mama, na kijana unayemkuta akipalilia huenda ni mtunzaji tu. Muulize shamba la nani, kisha nenda kwa mama au kwa mjomba.

"Kukata ni usafi, shamba halipotezi kitu."

Linapoteza. Kisanduku cha mbao cha sentimita 85 kwa 55 kwa 45 kinatoa robota, yaani furushi la hei lililoshindiliwa na kufungwa, la kilo 20 hivi. Marobota 50 ni tani moja, na tani moja ya majani makavu hubeba kilo 10 au zaidi za naitrojeni, na potasiamu isiyopungua hapo. Ukiyatoa miaka mitano mfululizo bila kurudisha, mikorosho itakuonyesha. Ndiyo maana samadi naiandika kwenye kila makubaliano ninayoshika: ng'ombe wamekula vya shamba, shamba lirudishiwe. Pimeni kwa marobota, msipime kwa mizigo ya mabichi, maana kilo tatu au nne za mabichi zinabaki kilo moja zikikauka, na hapo kila mmoja humwona mwenzake mwizi.

"Wakati wowote ni sawa, majani ni majani."

Kata yanapoanza kutoa maua. Yakishamwaga mbegu ni vijiti, na mwezi wa nane unabeba mabua na hatari ya moto. Anika siku mbili au tatu, geuza, funga yakiwa makavu kweli. Yenye unyevu huchemka ndani ya robota na kuota ukungu.

Kisha kuna salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mwenye mikorosho akianza kupuliza kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, mwezi wa sita hivi, acha kukata. Salfa ikizidi kwa ng'ombe huharibu ubongo: utamwona anazunguka, haoni, anaegemeza kichwa ukutani. Waliopuliza dawa za maji za wadudu ndiyo kabisa, usiguse. Kwenye karatasi ya bibi niliandika mwisho wa kukata ni Mei 31 kwa sababu hiyo.

Nilimsomea yote, mstari kwa mstari, mara mbili. Nilipofika kwenye "si ardhi wala miti" akanisimamisha, akataka nimwonyeshe kwa kidole maneno hayo yako wapi. Kisha akaikunja, akaifunga tena kwenye pindo la khanga.