Hisa za maduka ya bei nafuu: yanayosemwa na yaliyomo kwenye hesabu

Dhana: Uchumi ukiyumba, maduka ya bei nafuu ndiyo yanayovuna.

Wateja wanaweza kuongezeka. Faida ni jambo jingine. Chukua Dollar General, yenye maduka zaidi ya 20,000 nchini Marekani. Kwa maelezo ya uongozi wake, takribani asilimia 60 ya mauzo hutoka kwa kaya zenye kipato cha chini ya dola 35,000 kwa mwaka. Mteja wa kaya hizi akibanwa, ananunua sabuni, maziwa na vyakula vya makopo, anaahirisha nguo na mapambo ya nyumba. Tatizo ni kwamba vitu vya kila siku ndivyo vyenye faida nyembamba, na tayari vinabeba zaidi ya asilimia 80 ya mauzo. Agosti 29, 2024 kampuni ilishusha makadirio yake ya mwaka, na hisa zikaporomoka kwa karibu theluthi siku hiyohiyo. Mauzo yenyewe yalikuwa bado yanapanda.

Dhana: Kufungua maduka mengi ni ukuaji.

Mauzo ya jumla hupanda hata maduka ya zamani yakidorora, kwa hiyo anza na mauzo ya maduka ya zamani, yaani yaliyokwisha kufanya kazi mwaka mmoja na zaidi. Mwaka wa hesabu wa 2023 mauzo ya jumla ya Dollar General yalikua kwa asilimia 2.2; ya maduka ya zamani, asilimia 0.2 tu. Faida halisi ilianguka kutoka dola bilioni 2.4 hadi 1.7 hivi. (Mwaka wa hesabu wa 2022 ulikuwa na wiki 53 badala ya 52, jambo linalopotosha kidogo ulinganisho. Maelezo ya hesabu hulitaja, wachambuzi wavivu hulisahau.)

Kununua maduka ya mwenzako ni hatari zaidi. Dollar Tree, kampuni nyingine ya maduka ya bei nafuu, ilitoa zaidi ya dola bilioni 8 kuinunua mshindani wake Family Dollar mwaka 2015, na mwaka 2025 ikaiuza kwa takribani bilioni 1.

Dhana: Ghala likijaa, kampuni imejipanga.

Hapa ndipo dalili hutangulia, na hesabu yake ni ya dakika tano. Chukua thamani ya bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka, gawanya kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, zidisha kwa 365. Kwa Dollar General mwaka 2021: dola bilioni 5.6 gawanya kwa bilioni 23.4, zidisha kwa 365, sawa na siku 87 hivi, yaani muda ambao mzigo hukaa kabla ya kuuzwa. Mwaka 2022: bilioni 6.8 kwa bilioni 26, siku 95. Mauzo yalikua kwa asilimia 11 hivi, mzigo kwa 20. Mzigo uliozidi hukaa kwenye makasha kwenye njia za dukani. Wafanyakazi wachache waliopo hawaupangi kwa wakati, vingine vinaibwa, vingine vinaharibika, vilivyosalia vinauzwa kwa punguzo. Faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zenyewe, ikashuka kutoka asilimia 31.2 ya mauzo mwaka 2022 hadi 30.3 mwaka 2023. Mwaka 2024 kampuni iliondoa mashine za mteja kujilipia mwenyewe katika maduka mengi, sababu mojawapo ikiwa ni upotevu wa bidhaa.

Asilimia 0.9 inaonekana kidogo. Kwenye mauzo ya bilioni 38.7 ni karibu dola milioni 350.

Dhana: Bei ikishuka sana, hisa imekuwa rahisi.

Inategemea unaigawanya kwa faida ipi. Faida kwa kila hisa ya Dollar General ilikuwa dola 10.68 mwaka 2022, ikawa 7.55, kisha 5.11 mwaka 2024. Tuseme hisa inauzwa dola 110. Kwa faida ya 2022 unalipa mara 10 ya faida hiyo, na inaonekana ya kuokota. Kwa ya 2024 unalipa mara 21 na zaidi. Mwenye kununua kwa hesabu ya kwanza anabashiri, bila kujua, kwamba faida itarudi ilikokuwa. Piga hesabu kwa wastani wa miaka mitano au zaidi, ukipunguza uzito wa 2020 na 2021, miaka ya janga la korona ambayo haikuwa ya kawaida.

Dhana: Deni lote lipo kwenye mstari wa mikopo.

Maduka haya hupanga majengo. Kwa Dollar General, wajibu wa kodi za pango unazidi dola bilioni 10 na umekaa kwenye mstari wake peke yake wa mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni. Ujumlishe na mikopo kabla ya kusema kampuni haina deni kubwa, kwa sababu duka likifungwa mapema, mwenye jengo bado anadai hadi mkataba uishe au wakubaliane fidia.