Hisa za teknolojia: pima kwa mizani moja kabla ya kusoma chati

Malalamiko kuhusu hisa za kampuni za teknolojia yanazidi kufika mezani petu, na mengi yana mwanzo unaofanana. Mtu ametumiwa chati kwenye kundi la WhatsApp, ina mistari ya rangi na mshale wa kijani, akaambiwa hisa hii inaishinda ile. Makala haya hayamshauri mtu yeyote kununua wala kuuza hisa zinazotajwa humu. Yanahusu namna ya kulinganisha hisa mbili kwa haki.

Tuanze na kosa tulilolisahihisha mara nyingi mno: kwamba hisa ya bei ndogo ndiyo rahisi. MTN Uganda ilipoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Uganda Desemba 2021, hisa zake zilikuwa zimeuzwa kwa umma kwa shilingi 200. Airtel Uganda ikafuata Novemba 2023 kwa shilingi 100, na wengi wakasema imekuja kwa nusu bei. Sivyo. MTN ina hisa karibu bilioni 22.4, Airtel ina bilioni 40. Zidisha, utaona kwamba kwa bei hizo MTN ilithaminiwa karibu shilingi trilioni 4.48 na Airtel trilioni 4. Bei ya hisa haisemi lolote mpaka uigawanye kwa faida ya kila hisa, na faida hiyo iwe ya kipindi kimoja kwa kampuni zote mbili.

Hapo kwenye kipindi ndipo hata wasomi wanapoteleza. MTN na Airtel hufunga hesabu 31 Desemba, kwa hiyo hazisumbui. Safaricom ya Kenya hufunga 31 Machi, Microsoft 30 Juni, Apple mwishoni mwa Septemba, Nvidia mwishoni mwa Januari. Ukichukua ripoti ya mwaka ya Nvidia na ya Microsoft zenye namba ileile ya mwaka, unalinganisha miezi tofauti. Jumlisha robo nne za mwisho (kila robo ni miezi mitatu) za kila kampuni, uache jina la mwaka.

Kisha pima mapato yote, si bei tu. Chukua mfano wa hisa uliyoinunua kwa shilingi 200, mwaka ukaisha ikiwa 210, na ikakulipa gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, la shilingi 15. Mtu binafsi mkazi wa Uganda hukatwa kodi ya asilimia 10 kwenye gawio la kampuni iliyoorodheshwa hapa, kwa hiyo linabaki 13.50. Umepata 23.50 juu ya 200, yaani asilimia 11.75, wakati chati inakuonyesha asilimia 5 tu. Kwa gawio la hisa za Marekani makato ya kawaida kwa mgeni ni asilimia 30, kwa sababu Uganda haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Na hesabu ya dola lazima irudi kwenye shilingi. Hisa ikipanda asilimia 10 huku dola ikishuka kutoka shilingi 3,800 hadi 3,600, mkononi mwako imepanda asilimia 4.2.

Usijumlishe asilimia za miaka. Mwaka 2022 hisa ya Meta, kampuni ya Facebook, ilishuka takriban asilimia 64. Mwaka 2023 ikapanda takriban asilimia 194. Ukitoa 64 kwenye 194 utadhani aliyeishika miaka yote miwili alipata asilimia 130. Zidisha inavyotakiwa: 0.36 mara 2.94 ni karibu 1.06. Alipata kama asilimia 5 au 6, tena baada ya kuvumilia kuona theluthi mbili ya fedha zake ikipotea kwenye karatasi. Kwa hiyo, kando ya mapato, andika pia anguko kubwa kuliko yote kutoka kilele hadi bonde. Hisa iliyoanguka nusu inahitaji kupanda asilimia 100 ili irudi ilipokuwa.

Hakikisha pia bei za zamani zimerekebishwa. Tarehe 10 Juni 2024 hisa moja ya Nvidia iligawanywa kuwa 10, bei ikatoka karibu dola 1,200 hadi karibu 120. Chati isiyorekebishwa inaonyesha anguko la asilimia 90 ambalo halikutokea.

Ukimaliza hayo, ndipo ufungue vielezo vya chati, yaani hesabu kama RSI na MACD ambazo watu hutumia kukisia bei inakoelekea. RSI hulinganisha wastani wa kupanda na wastani wa kushuka, kwa kawaida katika siku 14. Juu ya 70 husemwa hisa imenunuliwa kupita kiasi, chini ya 30 imeuzwa kupita kiasi. MACD hutoa wastani wa siku 26 kwenye wastani wa siku 12, kisha hulinganisha tofauti hiyo na wastani wake wa siku 9. Vyote viwili vimejengwa juu ya bei zilizopita. Havijui ripoti ya kesho wala uamuzi wa mdhibiti.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni kwamba vielezo hivi vinahitaji soko lenye biashara nyingi. Hapa Kampala hisa inaweza kukaa siku kadhaa bila bei kusogea. Tuseme katika siku 14 bei ilibadilika mara moja tu, ikatoka 100 hadi 101 kwa sababu mtu mmoja alinunua kiasi kidogo. Wastani wa kushuka ni sifuri, na RSI inasoma 100! Kundi la WhatsApp linapiga kelele “uza”, kumbe hakuna lililotokea. Kabla ya kusoma kielezo chochote, hesabu siku ambazo hisa iliuzwa kweli na kiasi kilichouzwa. Zikiwa chache, funga chati, urudi kwenye hesabu za kampuni.

Sasa utaratibu, maana ndipo fedha hupotelea. Hisa za hapa hununuliwa kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na hukaa kwenye akaunti ya SCD (hifadhi kuu ya hisa ya kielektroniki) yenye jina lako, linalofanana herufi kwa herufi na la kwenye ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa. Thibitisha leseni kwa Mamlaka yenyewe, si kwa picha uliyotumiwa. Kufanya udalali au kutoa ushauri wa uwekezaji kama biashara bila leseni ni kosa kisheria, hata kama anayefanya hivyo ni shemeji yako na nia yake ni njema. Usitume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Baada ya kununua, dai hati ya dalali inayoonyesha jina la hisa, idadi, bei, tarehe na ada, kisha ilinganishe na taarifa ya akaunti yako ya SCD.

Ukija kulalamika, njoo na hati hiyo, risiti ya malipo, na mazungumzo yote yakiwa na tarehe na namba za simu. Usiyafute kwa hasira. Aliyefuta tunampokea pia, lakini uchunguzi wake huchukua muda mrefu zaidi.