Ndege za NATO, askari wa Afrika

Watu wakisikia kwamba Umoja wa Afrika unashirikiana na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, wengi hudhani kuna kambi ya siri mahali fulani. Kilichopo Addis Ababa ni ofisi ya uhusiano, na sehemu kubwa ya ushirikiano huo imekuwa usafiri.

Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilizinduliwa Mei 2004, Darfur, magharibi mwa Sudan, ikiwa tayari inawaka kwa vita. Baraza linaweza kuidhinisha kikosi, na askari wapo. Ndege kubwa za kuwafikisha ndizo zilizokosekana. Mwaka 2005 Umoja ukaomba, NATO ikakubali, na hadi mwisho wa 2007 ilikuwa imeratibu safari za askari na watumishi zaidi ya 31,500, kwenda na kurudi.

Somalia mambo yakawa yaleyale. Askari wa Uganda walitangulia Mogadishu mwaka 2007 katika kikosi cha Umoja. Juni 2008 NATO ikasafirisha batalioni ya Burundi, na meli iliyobeba vifaa vya Warundi ikasindikizwa, maana maharamia walikuwa wametanda baharini. Lakini tusidhani NATO ina ndege za mizigo zimepangwa zikingoja simu ya Addis. Ombi likifika, huzungushwa kwa nchi wanachama hadi mojawapo ijitolee. Isipopatikana, kikosi kinasubiri.

Kisha ikaja Libya, waasi walipoinuka dhidi ya kiongozi wake, Gaddafi. Machi 2011 Baraza liliunda kamati ya marais watano, Museveni akiwamo, itafute suluhu. Walipotaka kuruka kwenda huko tarehe 20 walinyimwa kibali: mashambulizi ya Ufaransa, Uingereza na Marekani yalikuwa yameanza jana yake. Mwisho wa mwezi NATO ikashika uongozi wa operesheni. Aprili ujumbe wa kamati ulifika Tripoli, Gaddafi akaukubali mpango wao. Waasi wa Benghazi wakaukataa kwa kuwa haukumtaka ang'oke. Mabomu yakaendelea hadi Oktoba.

Ndiyo maana mimi husoma makubaliano ya Umoja na NATO ya 2014, na yale mapya ya 2019, kwa jicho la Libya. Mafunzo, ushauri wa mipango, msaada kwa kikosi cha dharura cha Afrika: yote hayo ni ya manufaa, na maofisa wetu wanayahitaji. Ila hakuna hata moja kati ya hayo linaloliwezesha Baraza kuwa na sauti pale wanachama wa NATO wanapoamua kupiga nchi ya Kiafrika.